Glasi ya Upande wa Kushoto

“Dada, hapa umekosea.”

Fundi Meza hakuinua hata kichwa. Alikuwa amepiga magoti, shavu limelala mezani, jicho moja amelifumba, anaangalia kama sahani zote zimekaa kwenye mstari mmoja. Kupamba meza za harusi ndiyo kazi iliyompa jina hilo, na wiki moja kabla ya kila harusi huandaa meza moja ya mfano pale stoo kwake ili mteja aje aione, aiguse, anune au afurahi mapema.

“Nimekosea wapi?”

“Hiki kiti cha mwisho. Glasi iko kushoto. Kisu nacho kiko kushoto, uma kulia. Kwingine kote uko sawa.”

Msemaji alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, bibi harusi wa Jumamosi inayokuja. Mtu ambaye kila siku anahesabu vidole vya watoto wachanga, wewe unadhani kitu gani kitampita?

Fundi Meza akasimama, akaangalia. Kweli, glasi ilikuwa kushoto. Akanyoosha mkono airekebishe, mkono ukagoma njiani.

“Nilikuwa nawaza mengine,” akasema.

“Viti vinane, ukawaza mengine kwenye kiti kimoja tu?”

“Nesi, una maswali kama polisi.”

“Nina maswali kama mteja. Haya, nielekeze, nisije nikaaibika mbele ya wakwe.”

Fundi Meza alishukuru mada kubadilika. Akamvutia kiti.

“Kaa. Weka kiwiko mezani, nyanyua mkono, kunja ngumi. Umeona ngumi ilipofika? Maua yasipite hapo. Yakipita, wageni wako watakula wakiongea na majani.”

Bibi harusi akacheka, ngumi bado iko hewani.

“Sahani ikae pingili moja ya kidole gumba kutoka ukingoni, isije ikamwagia mtu mapajani. Rangi mbili zinatosha, ya tatu iachie majani yenyewe. Leso ikunje mara tatu, juu weka kitawi kibichi, basi. Ukiikunja ikawa kama njiwa, mgeni anaogopa kuifungua, anajifutia mkononi.”

“Na mishumaa?”

“Iwepo, ila isiyonukia. Watu wamekuja kunusa chakula.”

“Kiti na kiti?”

“Viwiko viwili vipishane bila kusalimiana.” Akaipapasa leso ambayo haikuwa na kosa lolote. “Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Maua watu watayasahau. Kiwiko cha jirani hawakisahau.”

Bibi harusi akatoa simu, akapiga picha meza nzima kutoka juu.

“Namtumia mwandishi wa kadi za majina, ajue akate kadi za ukubwa gani.”

“Mwambie aandike jina pande mbili za kadi. Anayekaa mbele yako naye akuite kwa jina lako.”

“Naye aliniambia hivyo hivyo! Mmesoma darasa moja?”

Fundi Meza akageuka kumtazama.

“Mwandishi gani huyo?”

“Wa duka la kuchapa, lile la nyuma ya posta. Anaandika kwa mkono, herufi zinakaa kama zimenyooshwa kwa pasi. Tena kwa mkono wa kushoto! Wanamwita Shoto. Bahati nimemuwahi, kadi zangu ndizo za mwisho. Jumatatu baada ya harusi anahama mji, amepata kazi kiwanda cha vitabu.”

“Usitume hiyo picha kwanza, nirekebishe...”

“Nimeshatuma. Ona, ameshaiona.”

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hili utamwonea huruma asiyestahili.

Mwaka mmoja na nusu uliopita, Shoto alikuwa mchumba wa Fundi Meza. Walikutana kazini, Fundi Meza akipanga sahani, Shoto akipanga kadi. Ile ya kuandika majina pande mbili waliibuni pamoja, wakigombea nani aliisema kwanza. Mapenzi yakakolea mpaka ikafika siku ya Shoto kupelekwa nyumbani, akae mezani na ukoo mzima.

Fundi Meza aliipamba meza ya mama yake kwa siku mbili. Alitaka ndugu waone kazi yake. Kwa ajili ya picha kupendeza, akamweka Shoto katikati, kulia kwa mjomba wake. Ukimkalisha mtu wa mkono wa kushoto hapo, kiwiko chake na kiwiko cha jirani lazima vipigane. Fundi Meza alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, ila mganga hajigangi. Kijiko cha tatu tu, viwiko vikagongana, glasi ya juisi nyekundu ikalala kwenye shati jeupe la mjomba.

Mjomba, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki, akapaaza sauti: “Jamani, mkwe wetu amefungwa mikono kinyume! Mrudisheni dukani, bado ana garantii!”

Ukoo ukavunjika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Fundi Meza.

Shoto akahamisha kijiko. Alikula kwa mkono wa kulia mpaka mwisho, kijiko kikimtetemeka, wali ukidondoka. Nje, getini, ndipo aliposema.

“Wageni mia tatu usiowajua unawawazia viwiko vyao. Mimi mmoja ukanisahau.”

Pale palitosha neno moja tu la pole. Lakini Fundi Meza alikuwa na aibu, na aibu ikivaa kiburi haisikii.

“Kwani ni kosa langu ulizaliwa hivyo?”

Shoto akafungua geti, akaenda zake. Fundi Meza alituma meseji nne za radhi, hakujibiwa hata moja. Akafuta namba. Mapenzi yakaishia hapo, au ndivyo alivyokuwa akijidanganya.

Nesi alipoondoka, hata saa haikupita, simu ikaita mlio wa meseji. Namba haikuwa na jina, lakini aliijua kama anavyojua njia ya kwao.

“Kiti cha mwisho ni cha nani?”

Akaandika, “Ni makosa tu.” Akafuta. Akaandika, “Cha mgeni.” Akafuta. Akaandika, “U hali gani?” Hiyo nayo akaifuta, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Mjomba akaingia wakati huo, jasho linamtiririka. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa gari la vifaa na mbebaji wa meza, tangu alipostaafu. Akaitazama meza ya mfano, akashika kiuno.

“Lo! Mteja ameshakuja?”

“Ameshakuja na ameshaondoka.”

“Akaikuta hiyo glasi hivyo hivyo?”

Fundi Meza akageuka polepole.

“Mjomba, umejuaje habari ya glasi?”

Mjomba akajikuna kisogo. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, mdomo wake ulichelewa.

“Mwanangu, kila meza ya mfano unayoiweka, kiti cha mwisho cha kushoto kinakuwa hivyo. Kila meza. Mwaka na nusu sasa. Mimi ndiye ninayekigeuza kabla wateja hawajafika. Leo gari limenipasukia tairi.”

“Kila meza?”

“Kila meza. Sikukwambia. Nilidhani unajua, hutaki tu kusemeshwa.”

Hakuwa anajua. Akaketi kwenye kile kiti cha mwisho, machozi yakaja bila hodi.

“Mjomba, ile siku ulituharibia.”

“Nilikosea, sikatai. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata adabu.” Akavuta kiti naye, akakaa. “Lakini mama, mimi nilichekesha. Wewe ndiye uliyecheka.”

Maneno hayo yalimwingia. Ukweli ukitoka kwa mtu anayekupenda, unakosa hata pa kuutupia.

“Niliogopa mngesema meza yangu ina kasoro,” akasema kwa sauti ndogo. “Nikaona bora mcheke mtu kuliko mcheke kazi.”

“Basi kamwambie hivyo.”

“Nimeshaomba radhi mara nne.”

“Kwa meseji?”

“Kwa meseji.”

“Mpigie.”

“Anahama Jumatatu baada ya harusi, Mjomba.”

“Kwani kuna siku ngapi katikati? Piga.”

Akapiga. Simu ikaita mara moja tu.

“Halo.”

“Ni mimi.”

“Najua. Namba yako sikuifuta. Uvivu tu.”

Fundi Meza akatabasamu huku analia, jambo ambalo si rahisi kulifanya na kupumua kwa wakati mmoja.

“Kile kiti... mkono ulijikosea wenyewe.”

“Mkono haukosei namna ile. Umeweka mpaka kijiko cha supu upande wangu.”

Mjomba akajifanya anahesabu vyombo vya maua, sikio moja limesimama.

“Shoto, nilikukosea.”

“Uliniambia.”

“Na hukunijibu.”

“Kwa sababu ulinicheka mbele ya watu kumi na wawili, ukaniomba radhi nikiwa peke yangu. Nilisoma zile meseji zote nne, nikalia kwa zote nne. Lakini mtu akikuvua nguo sokoni, hakurudishii kwa siri chumbani.”

“Unataka nifanye nini?”

Shoto akavuta pumzi.

“Sijui, kwa kweli sijui. Wewe ndiye fundi wa kukalisha watu.”

Simu ikakatika.

Wiki ile Fundi Meza alifanya kazi kama mashine. Alipiga pasi leso mia moja na ishirini, akaosha glasi, akazifuta, akazirudia. Ijumaa asubuhi kadi zikaletwa ukumbini ndani ya boksi la viatu. Akaanza kuzipanga meza kwa meza, akifuata orodha ya bibi harusi. Herufi zilikuwa zile zile, zimelala kidogo upande, wino mweusi haujachuruzika hata mahali pamoja. Akajikuta anazigusa kwa ncha ya kidole.

Chini kabisa ya boksi palibaki kadi moja. Nyeupe, mbele na nyuma.

Akampigia bibi harusi.

“Nesi, kuna kadi haina jina.”

“Ni ya mwandishi mwenyewe! Nimemwalika, kazi yake imenifurahisha. Nikamwambia ajiandikie, akasema atamwachia mpambaji. Mna mambo gani nyie wawili?”

Kabla hajajibu, meseji ikaingia: “Yangu sijaiandika. Nitakaa pale mwenye meza atakaponiweka. Usiponiweka popote, nitaelewa, nitakwenda zangu.”

Fundi Meza akashika kalamu. Sasa huyu dada, mpe meza na maua atakupa maajabu, lakini mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino. Akatoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akaandika mbele: SHOTO. Herufi zikapanda mlima. Akaigeuza kadi, akafikiri, akaandika na nyuma neno moja. Kisha akaisimamisha kwenye meza ya karibu na jukwaa, kiti cha mwisho cha kushoto, ambako kiwiko kitakuwa na uwanja mzima. Akahamisha glasi, kisu na kijiko cha supu. Safari hii alifanya kwa kujua.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Maharusi wakaingia, watu wakashangilia, chakula kikaanza kugawiwa. Fundi Meza alikuwa na sheria yake moja: watu wakianza kula, mpambaji haonekani. Alijibanza nyuma ya pazia la jikoni pamoja na mjomba, wakichungulia kama wezi wa kuku.

Shoto akaingia. Shati la bluu, nywele fupi, amekonda kidogo. Akatembea kati ya meza akisoma kadi alizoziandika mwenyewe, mpaka akaifikia ile ambayo hakuiandika. Akasimama. Akaangalia glasi, akaangalia kisu, akaangalia herufi zinazopanda mlima. Akakaa.

Mbele yake alikuwa amekaa bibi mmoja mkunga mstaafu, aliyemfundisha kazi bibi harusi. Bibi alivaa miwani, akasoma upande wa kadi uliomwelekea, akapaaza sauti ya mtu aliyezoea kuita wodini.

“Mwanangu Samahani, nisogezee hiyo chumvi.”

Shoto akashangaa. “Shikamoo bibi. Umeniitaje?”

“Marahaba. Samahani. Si ndilo jina lako? Limeandikwa hapa. Wazazi siku hizi wanachagua majina magumu, lakini zuri, zuri.”

Meza nzima ikageuka. Shoto akaizungusha kadi, akasoma upande wa pili. Akabaki ameishika.

Nyuma ya pazia, mjomba akamsukuma Fundi Meza begani.

“Nenda.”

“Watu wanakula, Mjomba.”

“Hata siku ile walikuwa wanakula.”

Akajikaza kisabuni, akatoka. Aproni ilikuwa bado kiunoni, pini zimemjaa kwenye mfuko. Akavuka ukumbi, akasimama mwisho wa ile meza. Watu wanane wakamtazama, na meza za jirani nazo zikanyamaza, si unajua watu wakinusa jambo.

“Bibi, shikamoo. Hilo siyo jina lake. Ni neno langu kwake.”

“Marahaba. Neno gani hilo lisilosemwa kwa mdomo?”

“Nimekuja kulisema.” Akaigeukia meza nzima. “Mimi kazi yangu ni kuwakalisha watu vizuri. Huyu alikuwa mchumba wangu. Nilimpeleka kwetu nikamkalisha vibaya, akamwaga juisi, watu wakamcheka, na mimi nikamcheka. Kosa lilikuwa la meza yangu, nikamwachia yeye alibebe. Halafu nikamwambia neno baya kuhusu mkono wake. Shoto, mkono wako hauna kosa. Haukuwahi kuwa nalo. Samahani. Na nakupenda, hilo nalo sikulisema mbele ya watu hata siku moja.”

Mjomba naye alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia, kofia mkononi.

“Na mimi ndiye niliyechekesha,” akasema. “Shati lenyewe lilikuwa la zamani. Nisamehe, baba.”

Shoto aliangalia chini muda mrefu. Supu yake ilikuwa inapoa.

“Mwanangu,” bibi mkunga akasema, “unajibu, au mimi nimalize kula? Maana hapa kijiko kimenikwama.”

Watu wakacheka. Fundi Meza hakucheka. Alisubiri kwanza amwone Shoto, na alipoona bega lake linatikisika kwa kicheko ndipo naye akaruhusu uso wake.

“Mwandiko wako mbaya jamani,” Shoto akasema, macho yamelowa. “Sijawahi kuona S ya namna hii.”

“Najua.”

“Nilikuwa nakuja kuaga.”

“Najua pia.”

“Mama yako kesho atapika?”

“Atapika.”

“Basi nikae wapi?”

“Mwisho wa kushoto. Kila siku, maisha yangu yote.”

Jumapili Shoto alikaa pale alipoahidiwa, mbele ya watu wale wale kumi na wawili, na Fundi Meza akayarudia maneno yale yale kabla hata wali haujapakuliwa. Mama yake hakusema kitu. Aliinuka tu akaenda kuikagua glasi ya Shoto, akaisogeza kushoto zaidi kidogo, akarudi kukaa.

Tiketi ya Jumatatu haikutumika. Kiwanda cha vitabu kilikubali kungoja, na tiketi zilizotumika baadaye zilikuwa mbili, kwa sababu harusi zipo kila mji.

Lakini kabla ya safari ilikuwepo harusi yao wenyewe. Fundi Meza alikatazwa kugusa hata uma. Meza kuu aliipanga Shoto mwenyewe, maua hayakupita ngumi, sahani pingili moja kutoka ukingoni. Yeye akakaa kushoto, mkewe kulia kwake. Kiwiko chake cha kushoto kikatazama nje, kiwiko cha kulia cha mkewe nacho kikatazama nje, na katikati yao hapakuwa na cha kugongana.

Chakula kikiendelea, mjomba akashika kipaza sauti.

“Maharusi, mbona tunaona mikono miwili tu mezani? Hesabu yangu inasema minne!”

Shoto akanyanyua kijiko kwa mkono wa kushoto. Fundi Meza akanyanyua chake kwa wa kulia.

“Hii hapa, Mjomba,” wakasema.

“Na mingine miwili?”

“Hiyo ina kazi,” Fundi Meza akajibu.

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Maharusi wakaendelea kula, supu, wali, nyama mpaka keki, na chini ya kitambaa cha meza mkono wa kulia wa Shoto na wa kushoto wa mkewe haikuachiana hata mara moja.